Kupeleka Chumvi Shabunda kwa Njia ya Matope

Niliondoka Bukavu kwenda Shabunda kwa sababu Barega walikuwa wamerudisha chumvi. Mtu mzima wa Shirikisho letu akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Lakini nawaandikia pia vijana waliozaliwa mjini, wanaoijua chumvi ya dukani peke yake, kwa hiyo nieleze kidogo kabla ya kuanza njia.

Shirikisho la Milima na Maziwa halikuzaliwa kwenye karatasi. Wageni wa Ulaya walipofika na kalamu zao za kuchorea mipaka, walikuta babu zetu wamekwisha kula chumvi moja: Bashi, Barega, Bahavu, Bafuliru, Babembe, Bavira, wafugaji wa nyanda za juu na waungwana wa Uvira, Waislamu wenye asili ya pwani. Walikuta nyumba yenye wenyewe, wakapewa viti vya wageni. Tangu hapo, kila mwaka baada ya mavuno, chumvi hutoka Uvinza na kuvuka ziwa Tanganyika. Waungwana wa Uvira huipandisha kupitia Sange hadi Bukavu, na kutoka hapa kila kabila hupelekewa fungu lake na mtu wa kabila jingine. Mushi hupelekea Barega, Murega hupelekea Babembe, na kadhalika. Hakuna anayejibebea. Kabila likila fungu lake, limebaki nyumbani. Likilirudisha, na Baraza likafunga kikao cha mwaka kabla ugomvi haujaisha, kiti chake hutolewa nje na mpaka hufungwa.

Mwaka huu mvua ziliikata barabara ya Shabunda vibaya, na Baraza likafanya jambo lililoonekana la akili. Lilipakia fungu la Barega ndani ya ndege. Chumvi ikashuka uwanjani Shabunda ikiwa kavu, nyeupe, ndani ya mfuko wa nailoni. Ndege ile ile ikarudi nayo.

Binti yangu Nabintu ameolewa Shabunda na amezaa huko. Alinipigia simu juma hilo.

"Papa, batu ba huku habanichukie," akasema. "Lakini juzi kwenye soko, mama moja aliniuliza: kiti kikitolewa, weye na batoto mutakuwa ba wapi?"

Nilimaliza rozari yangu, nikavaa koti, nikapanda kwenye jumba la Baraza.

Mwenyekiti wa Baraza ni mtu mwenye adabu na elimu nyingi. Nilipomwambia kwamba nataka kuipeleka chumvi kwa barabara, aliyatazama magoti yangu kwanza, kisha uso.

"Papa Gervais, na ndege iko."

"Ndege imerudi, Excellence."

Akatia sahihi ruhusa. Mimi nilikuwa katekista kwa miaka mingi, na kazi hiyo imenifundisha kungoja mlangoni. Sikuaga mpaka nilipoipata chumvi mkononi.

Kubeba chumvi kuna masharti mawili, na msomaji ayakumbuke. La kwanza, tangu siku ya kuondoka mpaka chumvi iliwe, mbebaji hula chakula kisicho na chumvi. La pili, mbebaji hasemi lolote juu ya chumvi wala ugomvi wake asipoulizwa na wenye kula. Hatumwi kubembeleza. Anatumwa kufika.

Asubuhi baada ya misa ya kwanza nilikuwa Nyawera, kwenye kituo cha motari, pikipiki za kukodi. Fungu lilikuwa limefungwa kwa majani makavu ya mgomba, kama desturi inavyotaka, nami nimelitia ndani ya kitunga, kikapu cha mgongoni, na kamba ya kitunga ipo kwenye paji la uso wangu. Kwetu Bushi, nchi ya Bashi, kitunga ni mzigo wa akina mama. Mwanamume akikibeba hadharani, hata mbuzi humgeukia.

"Muzee!" mwendesha motari mmoja akaniita. "Bibi amekufukuza na vyombo vyote?"

"Ameniambia nisirudi bila Barega," nikamjibu.

Wakacheka, lakini mmoja aliyaona yale majani ya mgomba na namna yalivyofungwa. Akavua kofia yake. Huyo ndiye aliyetupeleka, na jina lake ni Bahati, baba wa watoto wanne, mwenye mdomo usiopumzika hata kwenye mteremko.

Nasema alitupeleka kwa kuwa sikuwa peke yangu. Desturi inamtaka shahidi kutoka kwa waungwana walioileta chumvi, na shahidi wangu alikuwa Selemani, tuliyezoea kumwita tonton, yaani mjomba, muuza vitenge wa Nyawera, ambaye ukoo wake ulitoka pwani ya mashariki ukakaa Uvira na baadaye ukapanda kwetu. Ni mtu mnene, mcha Mungu, na mpenda kula. Alipanda motari ya rafiki wa Bahati, mkeka wake wa kuswalia ukiwa umekunjwa kifuani kama mtoto.

Burhale tulifika jua likiwa bado la upole. Baridi ya vilima vile huingia mifupani, na harufu ya mikaratusi hukaa kwenye nguo. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharagwe walisimama kututazama, na mmoja alipiga ishara ya msalaba. Habari zilikuwa zimetutangulia.

Nzibira tulilala kwa mjane mmoja wa parokia, aliyetupikia bugali na maharagwe. Kwa heshima yangu alitenga chungu kidogo bila chumvi. Kwa Selemani alichoma nyama ya mbuzi, ikanukia mpaka njiani.

"Tonton," nikamwambia, "hata kugeuka upande mwingine hugeuki?"

"Papa, weye ndiye mubebaji. Miye niko shahidi. Shahidi akiwa na njaa, anaona vibaya."

Mjane alicheka mpaka akaweka chini kijiko. Nilimshukuru Mungu kwa maharagwe yangu, nikayala. Yalikuwa na ladha ya maji na ya moshi. Usiku ule nilielewa kwamba ulimi ni mwanafunzi mvivu, na kwamba nitakuwa mwalimu wake kwa muda.

Baada ya Nzibira msitu huanza, na barabara huisha. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi, maana chumvi ilikuwa imefungwa. Ilikuwepo mifereji mirefu ya potopoto, tope jekundu, ambamo lori moja lilikuwa limezama mpaka kwenye mlango na wenyewe wamejenga kibanda kando yake. Walikuwa wamepanda vitunguu.

"Munangojea nini?" Bahati akawauliza.

"Kiangazi," dereva akajibu, akiendelea kumenya ndizi.

Tulishuka, tukapanda, tukasukuma, tukashuka tena. Mahali pengi nilitembea kwa fimbo huku Bahati akiivuta motari kama ng'ombe mkaidi. Niliwapisha watu wanne waliobeba mgonjwa kwa tipoyi, kiti cha miti kinachowekwa mabegani. Walikuwa wakielekea tulikotoka. Mgonjwa alikuwa mwanamke, amefunikwa kitenge usoni kwa sababu ya mvua. Wabebaji hawakusalimu, pumzi zao zilikuwa na kazi nyingine. Nilisimama kwenye majani mpaka sikuwasikia tena, nikiwaombea.

Karibu na Kigulube ndipo tulipoanguka. Palikuwa na magogo mawili juu ya kijito, na mvua ilikuwa imeyafanya kama sabuni. Gurudumu la nyuma liliteleza. Mimi niliangukia upande wa jiwe, Bahati upande wa motari, na kitunga kikaenda peke yake, kikapinduka katikati ya potopoto na maji.

Selemani aliruka ndani ya kijito na viatu vyake. Alikipata kitunga, akakikumbatia. Tulikifungua chini ya turubai. Majani ya juu yalikuwa yamepasuka, na sehemu kubwa ya chumvi ilikuwa imekwenda na maji. Iliyobaki ilikuwa imeshikana kuwa donge jekundu, lenye changarawe na vipande vya majani.

Bahati, ambaye alikuwa amezungumza tangu Nyawera, alikaa juu ya gogo akaufunika uso. Bega langu liliuma. Nilifunga donge lile kwa majani mabichi tuliyopewa Kigulube, nikalivingirisha ndani ya shati langu la Jumapili, na tukaendelea.

Katshungu kuna soko dogo, na katika soko lile kuna duka, na katika duka lile kulikuwa na mifuko ya chumvi, safi, nyeupe kama kanzu ya komunyo. Selemani alisimama mbele yake kwa muda. Aliponigeukia hakuwa anatania.

"Papa Gervais, nisikilize kama ndugu. Chumvi ni chumvi. Mwenyezi Mungu ndiye aliumba ile na hii. Tukibeba matope kwa Barega, batasema Bukavu imebatukana mara ya pili. Binti yako iko kule. Mimi ndiye shahidi, na mimi sitasema."

Nakiri kwamba maneno yake yalikuwa na uzito. Nilimwona Nabintu mbele ya yule mama wa sokoni. Nilikaa kwenye kibao cha muuza duka na kumwomba Mungu anifundishe, na kwa muda mrefu sikusikia chochote isipokuwa redio ya jirani. Kisha nikaikumbuka ile chumvi ya kwanza, jinsi ilivyokuwa nyeupe.

"Tonton," nikasema, "nyeupe walishapelekewa. Tukiinunua hii, tumeirusha ndege ya pili."

Alinitazama, akatazama duka, akapumua.

"Basi ninunue biskuti," akasema. "Juu ya ushahidi."

Shabunda tulifika jioni, mto Ulindi ukiwa umejaa na rangi yake kama chai ya maziwa. Nilitembea hatua za mwisho kwa miguu, kitunga kwenye paji. Watoto walitufuata, wakubwa walisimama milangoni. Nabintu alikuja mbio, akaliona bega langu na nguo zangu, akasimama hatua chache kutoka kwangu kwa sababu alijua hairuhusiwi kumgusa mbebaji kabla mwenyeji hajampokea. Mikono yake ilikuwa imejishika yenyewe. Mjukuu wangu mdogo hakujua desturi. Alikuja akanishika mguu, na hakuna aliyemkemea.

Mwenyeji alikuwa Mama Wabiwa, msemaji wa wazee wa Barega wa pale, mama wa umri wangu, mwenye sauti ndogo inayonyamazisha watu. Alinipa kiti, maji ya kunawa, na nafasi ya kulala. Kitunga akakitundika juu ya jiko lake bila kukifungua. Kisha chakula kikaja: wali wa Shabunda, sombe, majani ya muhogo, yenye mafuta ya mawese, samaki wa Ulindi. Vyote havikuwa na chumvi. Nilidhani ni kwa ajili yangu, mpaka nilipoona na yeye anakula kile kile, na wajukuu wake, na majirani. Tangu ndege irudi, mtaa mzima ulikuwa unakula hivyo.

Siku zikapita. Niliamka, nikasali, nikasaidia kupukuchua mahindi, nikala, nikalala. Mama Wabiwa alinizungumzia juu ya mvua, juu ya kuku, juu ya homilia ya padri. Juu ya chumvi hakuuliza, nami sikusema. Kikao cha Baraza kilikuwa kinakaribia, na kila jioni nililihesabu hilo moyoni na kumkabidhi Mungu hesabu yangu.

Jioni moja Nabintu alinijia na chungu kidogo, akaniinamia sikioni.

"Papa, umekonda. Nimetia kidogo tu ya kwangu ya nyumba. Hakuna mutu atajua."

"Weye utajua," nikamwambia. "Na hiki chungu kitajua. Mupe mume wako, yeye ndiye analalamika."

Akacheka huku machozi yakimtoka, akakirudisha.

Siku iliyofuata Mama Wabiwa aliwaita wazee wenzake, akakishusha kitunga, akakiweka katikati. Akaniuliza swali moja.

"Papa, ulipitia wapi?"

Nilikuwa nimelingojea kama mkulima anavyongoja wingu. Nikamweleza kituo kwa kituo: Nyawera, Burhale, Nzibira, lori lenye shamba la vitunguu, magogo mawili, kijito. Nilipowataja wale watu wanne wenye tipoyi, aliinua mkono.

"Kitenge kilikuwa rangi gani?"

"Kijani, Mama. Chenye ndege wa manjano."

Wazee wakatazamana. Mama Wabiwa alikunja mikono mapajani.

"Ni binti ya dada yangu, wa kijiji cha kule njiani," akasema. "Mimba ilimushinda. Hakufika kwa hospitali. Walimurudisha kwa tipoyi ile ile." Akaendelea bila kupandisha sauti. "Chumvi ya ndege ilipita juu ya batu ba hii njia, kama bale. Haikubaona. Ni kwa sababu ya ile tuliirudisha. Nyeupe tuko nayo kwa duka."

Akafungua majani. Wazee walilitazama donge jekundu. Selemani aliacha hata kutafuna. Mama Wabiwa alilivunja kwa kisu vipande viwili, akakitundika kimoja juu ya jiko, akakifunga kingine na kunirudishia.

"Hii ya kwetu itangojea hapa," akasema. "Hii ingine rudisha kwa Baraza. Baile bao kwanza, na mawe yake yote. Siku batakula, na siye tutakula. Bakiisafisha, usirudi."

Sikupata hata siku ya kukaa na wajukuu. Tulirudi kwa njia ile ile. Bega lilikuwa limevimba, na nusu ya safari niliitembea kwa sababu motari ilinitikisa vibaya kuliko miguu. Wenye lori walikuwa wamevuna vitunguu, wakatupa vichache. Selemani, ambaye tangu Shabunda alikuwa hataki nyama yenye chumvi mbele yangu, alivila vibichi, akilia kwa ukali wake.

"Sasa shahidi anaonaje?" nikamwuliza.

"Anaona vizuri," akasema. "Na hapendi."

Bukavu tuliingia siku ya mwisho ya kikao. Nilikwenda moja kwa moja kwenye jumba la Baraza juu ya ziwa, nikiwa na matope mpaka kiunoni, na mlinzi akanipisha kwa sababu ya kitunga. Viti vilikuwa vimepangwa duara. Cha Barega kilikuwa karibu na mlango, tayari kutolewa. Selemani, kwa haki ya shahidi, alitoa ujumbe wa Mama Wabiwa neno kwa neno, hakuongeza wala kupunguza. Chungu cha sombe kikaletwa kutoka jikoni. Nilifungua majani, nikaliweka donge mezani.

Kukawa na minong'ono. Mjumbe mmoja akasema kwa upole kwamba tunaweza kuliyeyusha kwanza, tukachuja, tukachemsha, kwani chumvi ingebaki ile ile. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Lilikuwa shauri la watu wenye akili, kama lile la ndege.

Nilitaka kusema. Maneno yalijaa kinywani mpaka yakaniuma kuliko bega. Lakini hakuna aliyekuwa ameniuliza, na Mama Wabiwa alikuwa amevumilia kwa muda wote ule mbele ya chungu kisicho na ladha. Nikafumba macho, nikasali bila midomo.

Mwenyekiti aliangalia lile donge. Kisha akaangalia miguu yangu, kama siku ile alivyoangalia magoti. Akaikunja mikono ya shati lake jeupe, akavunja kipande, akakitia chunguni mwenyewe na kukoroga. Akachota kwanza. Chumba kizima kilisikia changarawe ikisagika kati ya meno yake. Hakutema. Akameza, akapitisha chungu kwa jirani yake, na yeye akala, na wa pili, na yule wa kuchuja naye akala, akikunja uso. Kilipozunguka chote, Mwenyekiti alitoa kijiwe kimoja kwenye ulimi, akakiweka kiganjani na kukigeuza.

"Papa Gervais," akasema, "hili jiwe ni la wapi?"

Nilikuwa nimeulizwa. Nikamjibu kwamba ni la Kigulube, penye magogo mawili, na nikaendelea kutoka hapo mpaka kwenye kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Mwenyekiti alisema kwamba mbebaji wa mwakani atakuwa yeye, kwa barabara, na kwamba hapendi kuanguka, kwa hiyo watu wa majembe na mashine waanze kabla yake. Kisha akainuka, akakichukua kiti cha Barega pale mlangoni, akakirudisha kwenye duara kwa mikono yake.

Nami nikala. Niliipokea chumvi ile ulimini baada ya majuma ya maji na moshi, na ilikuwa na udongo, na mchanga, na uchungu wa majani, na sijawahi kula kitu kilichonishukurisha hivyo. Katika safari hii nimejifunza kwamba tulikuwa tumekosea kudhani umoja ni kumpelekea jirani kitu kizuri. Jirani alikuwa nacho. Alitaka tupite anapopita. Kwa uzee wangu namshukuru Mungu kwamba nimelijua hilo miguu ikiwa bado inaweza.

Nilitoka nje, nikasimama kwenye ukuta unaotazama ziwa, nikampigia Nabintu. Alishika simu kabla haijalia vizuri. Nyuma yake kulikuwa na sauti za watu wengi, na moto.

"Papa, bamekula?"

"Wamekula. Na mawe."

Nilimsikia akigeuka, akimwambia Mama Wabiwa kwa sauti ndogo. Kelele zikakatika. Halafu nikasikia, kutoka huko Shabunda, kifuniko cha chungu kikifunuliwa.